Mtoto ukimuuliza wiki hii kasoma nini anakujibu "tumesoma tu"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama naishi Mbagala, mwanangu yuko darasa la tatu shule ya serikali. Kila ijumaa nikimuuliza wiki hii mmejifunza nini anasema "tumesoma tu", nikimbana anasema "tumeandika". Nikifungua madaftari naona vema nyekundu zimejaa, sasa sijui nifurahi au vipi, maana juzi nilimpa elfu tano aende genge nikamwambia kwanza anipigie chenji itabaki ngapi akaduwaa. Mi mwenyewe niliishia la saba zamani na naona mpaka masomo yamebadilika majina. Nifanyaje nijue kweli wiki hii kafundishwa nini na kaelewa? Na je nimpeleke tuisheni?

JIBU: Marahaba mama. Swali lako ni zuri na hapo kwenye chenji umegusa penyewe, ntalirudia huko chini kwa urefu, ila ngoja nianze na hili la "tumesoma tu" kwanza maana wazazi wengi linawakera.

Mtoto hakudanganyi. Mtoto wa miaka nane tisa hakumbuki siku yake kwa mada, yani hawezi kukwambia "mama leo tumefanya kutoa kwa kuchukua", anachokumbuka ni nani kasimamishwa, nani kalia, nani kamwaga maji kwenye begi la mwenzie, mwalimu wa zamu alikuwa nani, na kama mapumziko walicheza au mvua ilinyesha. Ukimuuliza "mmejifunza nini wiki hii" unamuuliza swali ambalo hata mtu mzima ukimuuliza kazini kwake wiki hii umefanya nini atakwambia "nimefanya kazi tu". Kwa hiyo swali lenyewe tuliache, tutafute njia nyingine.

Kuhusu majina ya masomo usiogope. Mtaala mpya ulianza kutumika januari 2024, ukaanza na awali, la kwanza na la tatu, afu ukawa unapanda na watoto. Nyie wa zamani mlisoma Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, mwanao wa la tatu ana Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Baadhi ya shule zinaongeza lugha kama Kiarabu au Kifaransa ila ni ya kuchagua. Na hawa wanaishia la sita sio la saba, wale walioingia la tatu 2024 ndo wa kwanza kumalizia la sita mwaka 2027, watamaliza pamoja na la saba wa mwisho. Ndani ya hayo majina vitu ni vilevile unavyovijua, mvua ni mvua na kuzidisha ni kuzidisha, kwahiyo usijione uko nje.

Sasa wiki moja ya shule imebeba nini. Hapa wazazi wengi wanajiumiza kwa kutegemea makubwa. Mwalimu anatoa kazi yake kwenye muhtasari, ule unaotoka TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), kutoka kwenye muhtasari anaandika azimio la kazi la muhula mzima, kutoka kwenye azimio anaandika andalio la kila kipindi, na akishafundisha anajaza shajara kwamba nimefundisha hiki na hiki. Kipindi kwa la tatu ni dakika 40. Toa dakika za kutulia, za kugawa madaftari, za yule aliyekosa penseli, unabaki na muda mdogo kweli. Kwahiyo wiki nzima ya Hisabati inaweza kuwa kitu kimoja tu, mfano kutoa namba za tarakimu tatu, na kikivuka hadi wiki inayofuata sio uvivu wa mwalimu. Muhtasari wenyewe kila umahiri, yani kile mtoto anachotakiwa aweze kufanya, umeandikiwa idadi ya vipindi, na iko inayopewa vipindi vingi tu. Kwahiyo unachotafuta wewe ijumaa ni kitu kimoja kwa somo, usitafute orodha.

Afu kuna hili la madarasa yetu ya Dar. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, na huku pembezoni, Mbagala, Chanika, Goba na kwingineko, kuna shule zinasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Mwongozo unasema mwalimu mmoja wanafunzi 45, we mwenyewe umeshaona darasa la mwanao likoje. Mwalimu mmoja mwenye darasa la hivyo akitoa zoezi la maswali matano kwa wote, akitaka kusahihisha daftari moja moja kwa makini jioni itamkuta palepale. Anachofanya, na simlaumu, anaandika majibu ubaoni, watoto wanabadilishana madaftari, wanasahihishiana. Au kiranja anazunguka na kalamu nyekundu. Kwahiyo zile vema zilizojaa, mama, nyingine zimepigwa na mtoto mwenzie wa miaka tisa ambaye ni rafiki yake na wanarudi nyumbani njia moja.

Fungua daftari uangalie vizuri utaona. Vema ya mwalimu ina haraka yake, imelala upande mmoja, mara nyingi inaambatana na tarehe, sahihi au maneno kama "sahihisha" au "ongeza bidii". Ya mtoto imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka upande wa pili.

Na kusoma daftari sio kuhesabu vema. Angalia tarehe. Kama daftari la Hisabati lina jumatatu, jumanne, afu inaruka mpaka jumatatu ya pili, hapo kuna jambo, labda aliumwa, labda walikuwa kwenye michezo, labda alikuwa darasani ila hakuandika, na hili la mwisho lipo sana kwa watoto wanaokaa nyuma ambao ubao hawauoni. Njia rahisi ya kujua ni kuazima daftari la mtoto wa jirani wa mkondo huohuo, unaweka mawili sambamba, dakika mbili umeshajua. Angalia pia kichwa cha somo kimeandikwa au la, maana mtoto aliyefuatilia anakuwa na kichwa na mfano wa mwalimu juu, chini yake zoezi, asiyefuatilia ana zoezi linaning'inia tu halina mwanzo. Angalia palipo na kosa, je alilirudia chini akalisahihisha au alipita. Mi nikipewa daftari lenye makosa matano yaliyosahihishwa na lingine lina vema tupu, nafurahia la makosa, lile naweza kuliamini.

Sasa tuje kwenye chenji, hapa ntakaa kidogo.

Mwanao ana vema kwenye kutoa afu kaduwaa kwenye elfu tano. Inaonekana kama maajabu ila kwa sisi tuliofundisha madarasa ya chini ni kitu cha kila mwaka. Chukua swali hili: 586 toa 243. Mtoto anatoa tatu kwenye sita inabaki tatu, nne kwenye nane inabaki nne, mbili kwenye tano inabaki tatu, jibu 343, vema. Sasa mpe 502 toa 178. Mtoto ambaye kichwani kajiwekea sheria ya "kubwa toa ndogo", yani kila safu anachukua kubwa anaitoa ndogo bila kujali ipi iko juu, atakwambia nane toa mbili sita, saba toa sifuri saba, tano toa moja nne, jibu 476. Anaandika bila wasiwasi wowote. Na ukiangalia utaona sheria yake hiyo mbovu ilimpa vema kwenye lile swali la kwanza! Maswali kumi ya aina ile anapata kumi, na mwalimu na mzazi wote wanalala usingizi. Jibu sahihi ni 324.

Ndo maana elfu tano ilimshinda. 5,000 imejaa masifuri, kila safu inataka kuchukua kwa jirani na jirani nae hana kitu.

Kwahiyo leo jioni usimuulize wamejifunza nini, mpe maswali mawili tu kwenye karatasi, moja kama 586 toa 243 na lingine kama 502 toa 178, nyamaza, kaa pembeni uendelee na mchele wako, usimwangalie usoni maana watoto wanasoma uso wa mzazi kuliko karatasi. Akikosa la pili kwa 476 umeshajua ugonjwa uko wapi. Akipata jibu jingine la ajabu, mfano 434, mwambie akueleze alivyofanya, hatua kwa hatua, usimkatishe. Maelezo yake ndo yana habari yote.

Kumtibu hakuhitaji tuisheni. Kata boksi la sabuni vipande, andika vingine 100, vingine 10, vingine 1. Mwambie apange 502, ataweka mia tano, yani vipande vitano vya 100, makumi hamna, mamoja mawili. Sasa mwambie akupe 178. Atataka kukupa nane kutoka kwenye mamoja mawili, hawezi. Atakimbilia makumi, hamna kitu. Hapo muache ahangaike kidogo, usimsaidie haraka, mpaka aone mwenyewe kwamba lazima avunje 100 moja apate makumi kumi, afu avunje kumi moja apate mamoja kumi. Sasa ana mamia manne, makumi tisa, mamoja kumi na mbili. Anakupa nane yanabaki manne, makumi saba yanabaki mawili, mia moja zinabaki tatu. 324. Akishavunja kwa mikono mara kadhaa ndo ile namba ndogo wanayoandika juu ya tarakimu ubaoni inapata maana, kabla ya hapo ni urembo tu. Na mfundishe kujikagua, 324 jumlisha 178 lazima irudi 502, ile 476 yake akijumlisha na 178 anapata 654, ataona mwenyewe imekataa.

Afu rudi genge. Mkaa wa 1,500, nyanya za 1,200, vitunguu vya 700, jumla 3,400, kwenye elfu tano chenji 1,600. Mwache apige kabla hajatoka nyumbani na akirudi ahesabu chenji mbele yako. Kuna watoto ni kinyume cha wako kabisa, wale wanaouza karanga na barafu na mama zao, chenji wanapiga kichwani kama kalkuleta ila ukiwawekea hesabu hiyohiyo kwa kusimamisha kwenye daftari wanakosa. Hao nao wana akili sana, hawajaonyeshwa tu kwamba ni kitu kilekile.

Kingine cha haraka cha Hisabati, mtajie namba aandike. Mwambie andika elfu tatu na hamsini. Wengi wataandika 300050, yani kaandika anavyosikia, elfu tatu kisha hamsini. Inatakiwa 3,050. Hiyo inaitwa thamani ya nafasi na ndo msingi wa kila kitu, kama hiyo haijakaa basi hata kutoa tulikosema hakutakaa, anza hapo.

Kusoma nako kuna mtego wake. Mtoto anakusomea ukurasa mzima bila kukwama we unapiga makofi, kumbe kaukariri, maana darasani wanasoma kwa pamoja kwa sauti mara nyingi mpaka inakuwa wimbo. Fanya hivi: ziba picha kwa mkono, mwambie asome kuanzia katikati ya ukurasa, afu mwonyeshe maneno moja moja bila mpangilio. Aliyekariri atakwama hapohapo. Afu mpe imla ya maneno matano, mbwa, ng'ombe, nyumba, gharama, thamani. Ukiona kaandika "garama" na "samani" au ng'ombe kaiandika "ngombe" ni makosa ya kawaida la tatu, yanarekebishika. Ukiona "mbwa" kaandika "bwa" au kaacha irabu, hapo silabi za konsonanti mbili tatu hazijakaa, ni za la kwanza na la pili hizo, kwahiyo kuna kurudi nyuma kidogo. Na akimaliza kusoma habari muulize swali la "kwa nini" sio la "nani", jibu la nani liko kwenye mstari atalidokoa, la kwa nini lazima awe ameelewa.

(Kama una mdogo wake wa la kwanza, usimfundishe "a, be, che, de" za zamani, siku hizi shuleni wanaanza na sauti ya herufi, b inatamkwa kwa sauti yake tu bila irabu nyuma, afu wanaunganisha na irabu kupata ba be bi bo bu. Ukimwambia ni "be" akiunganisha na a anakwambia "bea" na hapo mnaanza kugombana bure.)

Sayansi ntapita haraka kwa sababu ni rahisi, muombe aonyeshe. Kama wamesoma mimea, makopo mawili, pamba na maharage, moja lina maji moja kavu, mpe akwambie kabla nini kitatokea. Ukitaka kumpima zaidi ongeza kopo la tatu lenye maji, liweke kabatini gizani, muulize litaota au halioti. Wengi watasema halitaota kwa sababu halina jua. Litaota, mbegu kuota inataka maji, hewa na joto, mwanga unakuja kuhitajika jani likishatoka lianze kutengeneza chakula. Na kama wiki hii ni magonjwa, muulize mbu wote wanaleta malaria? Anayejibu ndio bado. Ni Anofelesi jike, na huyu anauma zaidi usiku, wakati dengi ambayo ilitusumbua sana hapa Dar 2014 na 2019 inaletwa na mbu mwingine anayeuma mchana. Mtoto akijua hilo ataelewa kwa nini chandarua peke yake hakitoshi.

Jiografia na Mazingira ndo somo ambalo mzazi wa Mbagala ana darasa la bure kabisa. Pande kuu za dunia, mtoto kazikariri, kaskazini juu kusini chini, ukimtoa nje ukamwambia nyoosha mkono kaskazini ananyoosha mawinguni kwa sababu kwenye ubao kaskazini iko juu. Sasa nyie mko kwenye Barabara ya Kilwa. Mkiwa kwenye daladala jioni mnatoka Kariakoo mnakwenda Rangi Tatu mnaelekea kusini, jua la jioni liko mkono wa kulia, ndo magharibi hiyo, kwahiyo bahari iko kushoto, mashariki. Muulize asubuhi mkienda mjini jua litakuwa upande gani. Akiweza kujibu (kulia tena, maana mmegeuka mnaelekea kaskazini na jua la asubuhi liko mashariki) huyo kaelewa kabisa na hahitaji kukariri tena maisha yake yote. Hivyohivyo mvua, vuli oktoba mpaka desemba, masika machi mpaka mei, na hapo Jangwani Mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa, muulize kwa nini maji yanakwenda pale na hayaendi kwingine. Mazungumzo hayo yote nauli ileile.

Historia ya Tanzania na Maadili wanaanza na vitu vya karibu, familia, ukoo, shule, kijiji au mtaa. Mwalimu akitoa kazi ya kuuliza nyumbani tafadhali msimwambie mtoto "muulize mwalimu wako", hiyo kazi ni yenu. Mbagala imejaa watu wa Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara. Kama bibi yuko Kilwa mpigie simu aongee na mjukuu. Hata kama hawajafika kwenye Vita vya Maji Maji, siku wakifika mwanao atakuwa anajua kwamba vilianzia kwenye milima ya Matumbi, Nandete, julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na vikaenda mpaka 1907. Kuna watoto wanakariri miaka hiyo kama namba za simu kumbe babu wa babu yao alikuwepo.

Kiingereza kwa la tatu usimpime kwa kuongea, utamvunja moyo. Mpime kwa vitu vilivyopo, ataje majina ya vitu vya ndani, siku za wiki, ahesabu, aseme sentensi fupi mbili tatu kuhusu yeye mwenyewe. Ila saa inawachanganya sana maana sisi saa moja asubuhi wenzetu wanaanza kuhesabu usiku wa manane kwahiyo kwao ni saba, mwonyeshe kwenye simu yako inavyoandika 7:00 na mkaiita saa moja, aone kwamba tofauti ni masaa sita basi.

Sasa utajuaje wiki hii wako kwenye mada gani bila kumfukuzia mwalimu. Vitabu vya kiada vya TET viko kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unavisoma bure, ukikosa bando la kutosha omba mwenye bando akufungulie. Fungua cha darasa la tatu, linganisha kichwa cha habari kwenye daftari na kilichopo kwenye kitabu, utaona wako sura gani na kinachofuata ni nini. Mifano na mazoezi yamo humohumo. Jirani yako anayesomesha shule ya kulipia anakuonyesha lile daftari la mawasiliano ambalo mwalimu anaandika kila siku, usimuonee wivu, wa kwako mwenye darasa lililofurika hawezi kuandikia kila mtoto na tusimtake afanye hivyo. Ila grupu la WhatsApp la darasa kama lipo, mnaweza kumuomba kila jumatatu atupie mistari miwili, Hisabati tuko hapa, Kiswahili tuko hapa. Walimu wengi watakubali kama hamtageuza grupu kuwa la salamu, dua na matangazo ya vikoba mpaka ujumbe wake unapotea.

Na ukienda shule kumuona, usiende asubuhi watoto wako mstarini, na usiende na maneno ya "mwanangu hajui kitu", mwalimu akisikia hivyo anajihami, ni binadamu. Nenda saa za mapumziko au baada ya vipindi, umeshika daftari na ile karatasi ya 476. Mwambie "mwalimu nimeona kila safu anafanya kubwa toa ndogo bila kujali ipi iko juu, we darasani unamuonaje?" Hapo unaongea nae kitu kimoja chenye ushahidi, atakuheshimu na atamkumbuka mtoto wako kesho yake. Muombe pia kama inawezekana akae mbele kwa wiki kadhaa. Ukiona hupati ushirikiano kabisa yupo mwalimu wa taaluma, ila anza na wa somo, usimruke.

Tuisheni. Mi kwa la tatu sishabikii, nasema wazi. Mtoto katoka nyumbani alfajiri, kapigania daladala makonda wanamkataa, kakaa darasani amebanwa, afu jioni unampeleka kwenye chumba kingine amebanwa vilevile ananakili maswali ubaoni na kupigwa vema zilezile. Kama tatizo ni kutoa kwa kuchukua, vipande vyako vya boksi kwa nusu saa mara chache kwa wiki vitamfikisha mbali kuliko huko. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa la nne, na najua presha ya wazazi inapanda wakisikia NECTA, lakini upimaji ule unauliza hayahaya, namba, kusoma, kuelewa. Ntakubali tuisheni kwa hali moja, kama nyumbani hakuna kabisa mtu wa kukaa nae na anayefundisha ana watoto wachache, anaanzia pale mtoto alipokwama na sio pale kitabu kilipofika. Muulize kabla hujalipa, "utaanza na nini na mwanangu?" Akikwambia tunafuata mtaala tu, hifadhi hela yako.

Isipokuwa lile jaribio la kusoma likionyesha hawezi kabisa, yani hata sentensi fupi mpya inamshinda na yuko la tatu, hilo ni la kushughulikia wiki hii hii. La tatu masomo yote yanadai asome, Sayansi ataisoma, Historia ataisoma, hata Hisabati ina mafumbo ya maneno, kwahiyo atakuwa anafeli kila somo kwa sababu moja. Mwambie mwalimu waziwazi, shule nyingi wana utaratibu wa kuwakusanya wasiojua KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na nyumbani rudini kwenye silabi bila aibu, dakika kumi na tano kila siku. Kabla ya hapo mpime macho na masikio kwenye kituo cha afya. Mtoto anayesogeza daftari puani, anayekunja macho kuangalia ubao, anayesema "eeh?" kila ukimuita, wengi tumewaita wazembe kumbe ubao hauonekani.

Anza na yale maswali mawili leo. Ukipata majibu niandikie kaandika nini hasa, hata kama ni namba ya ajabu, na kama unaweza piga picha ukurasa wa daftari wa wiki hii ila ziba jina la mtoto na la shule, ntakwambia cha kufanya jumatatu.